Jina la Mama Wodi

Machi 4

Hilo la ukurasa wako wa mtandaoni lisikunyime usingizi tena. Shikamoo, Kaka! Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima wa kupitiliza. Bado naamka nikimtazama mume wangu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Chai ananipikia yeye!

Sasa sikiliza. Si serikali inasema kila ukurasa mtandaoni uonyeshe jina halisi la mwenyewe, la sivyo ufungwe? Na kazi ya mume wangu si ndiyo hiyo, kusajili majina? Jana nikamwambia, "Yule Mama Wodi anayeandika kuhusu wajawazito wanaojifungulia sakafuni, unadhani ni bibi? Ni kaka yangu, muuguzi, ana ndevu!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Asubuhi akakusajili mwenyewe, bila foleni. Zawadi kwa shemeji yake. Ukurasa haufungwi!

Mdogo wako mwenye furaha

Machi 11

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Watoto wanakusalimu.

Mimi nilitaka ukurasa ufungwe. Sasa jina langu liko juu ya kila nilichoandika, tangu siku ya kwanza. Leo mganga mkuu kanipokea mlangoni: "Karibu, Mama Wodi. Mbona hujanyoa?" Nimesimamishwa kazi. Wauguzi walionipa picha za wodi wananikwepa. Mwambie mumeo alifute jina leo hii, kabla sijaulizwa picha nilipewa na nani.

Asanteni kwa zawadi.

Kaka yako

Machi 13

Shikamoo, Kaka. Wifi anaendeleaje?

Nimemwomba. Nimelia hata. Anasema jina likishaingia halitoki, na msema kweli hana sababu ya kujificha. Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kazini. Nampenda, Kaka, sitakudanganya. Ila nilimtazama akifunga tai, nikatamani ningekuwa sijamwambia.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mdogo wako

Machi 20

Kaka,

Sijui kama hii wataisoma wao kwanza. Wifi amenieleza polisi walivyokuja kukuchukua nyumbani, na kwamba wanataka majina ya wale wauguzi, nawe hujatoa hata moja. Nilimpigia kelele mume wangu. Akanijibu kwa upole, "Kwani mimi niliambiwa na nani?"

Anataka tuje pamoja, eti anafahamiana na wakubwa wa huko. Nimekataa. Wanakupa chakula? Ule mgongo wako bado unauma? Nitafika kabla mwezi haujaisha, peke yangu, na sijamwambia mtu yeyote siku nitakayoondoka.

Mdogo wako