Jiwe Alilolikataa Kilonzo

Kwako Mama Mutinda,

Pokea salamu za huku Kajiado. Mimi niko mzima, ni mgongo tu unalalamika. Wewe na watoto je? Mama amepona mguu? Na mbaazi zilishika, ama jua lilizichoma?

Barua yako nilipata. Umeandika mara mbili ati Kilonzo amekuwa mtu mkubwa huku. Nani alikuambia? Tulitoka naye kijijini pamoja, tukaanza sote na nyundo shimoni. Sasa anavaa kofia safi na kutembea na chaki, kwa sababu nyapara alimpa kazi ya kuchagua mawe ya marumaru.

Jiwe likitoka shimoni ni jiwe tu, bado halina kazi. Kilonzo analigonga, anasikiliza, analimwagia maji aone nyufa. Jeupe lililo zima linaenda Kitengela kupasuliwa vipande vya sakafu. Lenye nyufa linavunjwa chengachenga za kumwaga sakafu ya terazo. Lile bovu kabisa linachomwa chokaa, ama linasagwa unga wa kuchanganya na chakula cha kuku. Na sisi tunaoyatoa, nani anatuuliza?

Juzi alitia alama ya chengachenga kwa jiwe nililolihangaikia wiki nzima. Moyo ulinichoma. Nikaweka nyundo chini mbele ya watu.

"Hilo ni zima," nikasema.

"Baba Mutinda, liko na ufa. Ona huu mstari."

"Hiyo ni rangi. Maji hayaingii."

Nyapara akacheka. "Basi lipelekwe Kitengela. Likivunjika, wewe unarudi kwenu."

Nilienda nalo juu ya lori nikiomba Mungu, na ile barabara tangu mvua za El Nino ni mashimo matupu. Msumeno ulilia asubuhi yote. Vipande vikatoka vizima, na ule mstari ukapita katikati kama mto ukiuona kutoka mlimani. Fundi akaita wenzake waone. Nilifurahi mpaka nikasahau njaa.

Niliporudi na kipande kimoja, nyapara alikishika, akakigeuzageuza, halafu akamtazama Kilonzo. "Huyu umemfundisha vizuri."

Na Kilonzo akatabasamu tu!

Sasa nimepewa chaki, lakini chini yake. Kazi ni nyepesi, namshukuru Mungu, ila akiniita "mwanafunzi wangu" chakula hakishuki.

Nisalimie Mama, shemeji yangu wa cherehani, na mzee wa kanisa aliyetuombea nikiondoka. Watoto wasome.

Kilonzo anakuja likizo, na ndiye amebeba barua hii. Nimeifunga na gundi mara mbili. Mkaribishe, mpe chai yenye maziwa. Akishakaa vizuri, mwambie mbele ya Mama kwamba habari ya lile jiwe umeipata, na aliyelijua ni bwana yako. Halafu mwangalie uso, uniandikie ulivyokuwa.

Ni mimi wako,
Baba Mutinda