Matope Uliyoniachia Masisi

Papa Deo,

Tangu tukuzike pale kilimani Masisi, kila asubuhi naamka na swali lako masikioni. Watu wengine husalimiana kwa jambo. Wewe ulinisalimia kwa "Furaha, leo inanuka?" Hata ulipolazwa, pumzi ikikukatika, uliniuliza hilohilo kuhusu bwawa lako la maji machafu nyuma ya hospitali. Nikakujibu hapana, ukafumba macho umeridhika. Hukuwahi kuniuliza kama nimekula, mzee wangu, na nilikupenda hivyo hivyo.

Sasa niko Itebero, huku Walikale. Walinipa bwawa la hospitali ya huku nilichunge kama ulivyonifundisha. Ni wewe uliyewaita bakteria ng'ombe zako: wa kwanza wanataka hewa, wanageuza amonia ya mkojo; wa pili wanakaa chini kusiko na hewa, wanamalizia kazi, na nitrojeni inapanda zake angani. "Wale wa kwanza njo dhaifu," ulikuwa unasema. "Metali kidogo tu, wanaanguka."

Wakaanguka, Papa. Harufu ya mkojo ilirudi, kali, ikawafuata wagonjwa hadi vitandani. Daktari mkuu akasema hali ikiendelea bwawa litafungwa, maji yamwagwe moja kwa moja kijitoni, palepale mama za Itebero wanapolowesha muhogo. Niliogopa. Nikalia, kwa sababu hukuwepo wa kuuliza.

Halafu nikafanya ulivyokuwa unafanya. Sikushika dawa yoyote, nilifuata mfereji kwa miguu kutoka bwawani hadi kwenye mabomba. Pale wanapofulia nguo nikamkuta mchimbaji wa machimbo ya Omate, anamlinda mke wake aliyejifungua kwa kupasuliwa. Alikuja na mchanga wake wa dhahabu, anausafisha pale kwa zebaki, metali inayoangusha ng'ombe zako, ili siku za kungoja zisipite bure. "Dada, niliona maji iko inaenda, nikajua inaenda na mubaya yote," akaniambia. Hakuwa mtu mbaya. Wewe ulikataza kumfokea mtu aliyekosa kwa kutojua, basi nikampeleka bwawani, nikamwacha anuse. Nikamwonyesha na wale mama na muhogo wao kule chini. Alifunga mchanga wake, na tangu siku hiyo ni yeye anayewazuia wenzake wakifika na mifuko.

Matope yenye sumu tuliyatoa, tukayafungia mapipani. Bado yanangoja mahali salama, na hilo linaninyima amani. Kisha nikapanda hadi Masisi, kwenye bwawa lako. Unakumbuka mama anavyobakiza mashanza, yale maziwa ya mgando, kidogo chomboni ili maziwa ya kesho yagande? Ndivyo ulivyonifundisha kuanzisha bwawa. Nilichota matope yako, dumu nusu tu, nikafunga kitambaa mdomoni badala ya kifuniko ili wapumue. Motard aliyenibeba kwa pikipiki akavumilia, akavumilia, mwishowe akauliza: "Mama, ni maziwa gani inanuka hivi?" Nikamwambia ni mashanza ya papa yangu. Akaongeza mwendo mpaka Itebero.

Walichelewa kuongezeka, kama ulivyosema, ng'ombe hawa hawaharakishwi. Daktari alikuwa anapita asubuhi ameziba pua, anatazama, anaondoka. Mimi nakoroga, napitisha hewa, nawasemesha kwa sauti yako mpaka wafuaji wananicheka. Leo amepita, amesimama, mkono wake uko mfukoni, si puani. "Acha iendelee," akasema.

Papa, watu walisema umeondoka bila kuacha kitu. Umeacha kitu kinachokula na kuzaana. Nakuahidi, bwawa lolote litakaloanguka, huku Walikale ao huko kwetu, nitalipelekea dumu lako, na yule nitakayemfundisha nitamsalimia kwa swali lako.

Pumzika sasa, mzee wangu. Nilisimama pale bwawani muda mrefu asubuhi, pua wazi, nikihakikisha kabla sijakuandikia.

Leo hainuki.

Furaha wako