Ng'ombe wa Mgeni

Kagugu, Kigali
Jumanne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kelele tangu ulipoanza kulifunga ile flana niliyokuletea Pasaka. Sisi huku hatujambo kabisa. Mkweo Sangwa anakusalimu, na watoto wanauliza kama babu yao bado anaongea na ng'ombe. Jirani yetu ameinua ghorofa, kwa hiyo siku hizi jua la asubuhi ni lake, sisi tunapewa lile la saa nne. Najua miwani umeikalia tena na anayekusomea ni kaka Nkusi. Basi Nkusi, soma taratibu, usiruke mstari, na ukifika mahali pa kucheka umsubiri Baba aanze.

Ningeweza kupiga simu, lakini wewe mwenyewe hulalamika kwamba kwenye simu unasikia nusu ya neno, na hiyo nusu unaijibu vibaya. Jambo hili nataka ulisikie lote.

Nianze na ng'ombe, maana najua ndiye anayekunyima usingizi. Pasaka tulikuzunguka watoto wako wote kama wazee wa baraza, tukakubembeleza uache mifugo uje ukae nami hapa Kagugu. Chumba kipo, hospitali ipo karibu, na goti lako haliwezi tena kupanda kile kilima. Ulibisha siku mbili. Ya tatu ukakubali kumuuza ng'ombe wa mgeni, yule wa mwisho wa uzao wake, na Nkusi akamtafuta mchinjaji kutoka Kayanga ambaye atakuja Ijumaa hii. Ulituuliza swali moja tu, kwamba mgeni akija utamjibu nini. Tulicheka, Baba. Hata wewe humjui huyo mgeni. Babu Ntare alikuachia neno hilo bila maelezo: huyu ng'ombe ni wa mgeni, sisi ni watunzaji tu, uzao wake hauuzwi wala hauchinjwi, mgeni atarudi, na habari hii isifike masikioni mwa serikali. Basi. Nasi tumekua tukikusikia kila jioni ukitaja nani alimzaa nani, kuanzia yule wa kwanza mpaka huyu wa sasa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikiliza mpaka mwisho.

Sasa nikueleze kazi iliyonifanya niwe adimu mwezi huu. Unajua natafsiri kwa ajili ya wageni wanaokuja kwa shughuli zao. Safari hii alikuja mama mmoja kutoka New Zealand, mwalimu mstaafu, anaitwa Alison. Kafikia hoteli moja pale Kiyovu. Ana miaka hamsini na kitu na anatembea kwa kasi ya mtu aliyeachwa na basi. Siku ya kwanza aliniambia kwamba anatafuta ndege, nami nikamwelekeza uwanjani Kanombe. Akacheka sana. Kumbe anatafuta ndege ya kuangusha mabomu, iliyopotea wakati wa vita vya Hitla.

Habari yake ni hii. Mwaka 1942 ndege hiyo iliondoka Tabora ikielekea kaskazini, hatimaye ifike Misri, ikiwa na watu watano. Ikaingia kwenye mvua kubwa na haikuonekana tena. Siku kadhaa baadaye wachunga ng'ombe walifika alfajiri kwenye misheni moja huku mashariki ya Rwanda wakiwa wamembeba kijana wa Kizungu ndani ya ingobyi, ile machela ya kufuma tuliyokuwa tukibebea wagonjwa. Mguu ulikuwa umevunjika na homa imempanda kichwani. Mapadri walipotoka kuwashukuru hao wachungaji, walikuwa wameshaondoka. Kijana huyo ndiye Tom, mpiga redio wa ile ndege, babu yake Alison. Alipona, akarudi kwao, akaoa, akazeeka. Lakini hakujua alianguka wapi, na wenzake wanne hawakupatikana kamwe. Jeshi lilitafuta, likachoka.

Alison anasema kila mwaka mama za wale vijana wanne walimwandikia babu yake kumuuliza watoto wao wamelala wapi. Mama hao walipokufa, wakauliza ndugu zao. Mzee Tom alikufa bila jibu na swali akamwachia mjukuu. Mama huyu hatafuti vyuma wala hatafuti sifa. Aliniambia anataka mahali pa kusimama tu, awataje kwa majina yao, kisha awaandikie jamaa zao kwamba wamepatikana. Maneno hayo yaliniingia, na tangu siku hiyo nikaacha kuifanya kazi ile kama kibarua.

Tukaanza kuzunguka vilima vyote vilivyoizunguka ile misheni. Dereva wetu ni Libère, kijana aliyekulia Bujumbura, mcheshi kupita kiasi. Habari ilitutangulia kila mahali kwamba kuna mzungu anatafuta vipande vya ndege, na Baba, kumbe nchi hii imejaa ndege. Mtu mmoja alituletea mlango wa lori. Mwingine akaleta dishi la televisheni, akaapa kwamba marehemu baba yake aliliokota wakati wa vita. Bibi kizee mmoja, Vestine, alituonyesha sufuria yake akisema ni kichwa cha rubani, yaani kofia, na alipoona Alison anaitazama kwa heshima akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Tulikunywa naye chai jioni ile, na sufuria ndiyo iliyoichemsha. Kila tukirudi mikono mitupu Libère aliniuliza, "Dada, hii ndege iko kweli ama iko hadithi?"

Tulikosea sote, na mimi kuliko wote. Tulitafuta upande wa misheni kwa sababu mgonjwa alionekana misheni. Jeshi la zamani lilifanya hivyo hivyo. Ramani ya Alison iliishia kwenye mto Akagera, na mimi niliyezaliwa hapo kwako, ng'ambo ya mto huo, niliitazama ramani ile mwezi mzima bila kushtuka. Sisi si ndio tuliokuwa tukivuka na mtumbwi kufuata malisho, harusi na dawa bila kumuuliza mtu ruhusa? Lakini mtu akikaa mjini, akapata na kitambulisho, huanza kuamini mipaka.

Jumapili iliyopita Alison alikubali kushindwa. Alikwisha kupanga kuondoka kesho Jumatano. Libère akasema mgeni haondoki Rwanda na kiu, akatupeleka kwenye baa ya maziwa kule Nyabugogo, moja ya zile ambazo watu huketi kama wako kilabuni lakini kila mmoja ana kikombe cha maziwa mbele yake. Tuliagiza ya moto kwa mandazi. Tulikuwa wanyonge, hata Libère. Alison akainua kikombe juu, akasema maneno fulani kwa lugha yake kabla ya kunywa. Nikamuuliza ni sala gani hiyo. Akaona haya kidogo, akasema si sala. Nyumbani kwao babu yake hakunywa maziwa bila kuinua kikombe na kumsalimu ng'ombe wake aliye Afrika.

Nikamwomba anieleze. Akasema ni mzaha wa familia, walidhani ni masalia ya homa. Mzee Tom alikuwa akisimulia kwamba alipolala kwenye nyumba ya wale wachunga ng'ombe, akinyweshwa maziwa na mtu aliyepungukiwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, siku ya kuondoka mtu huyo alileta ng'ombe mlangoni. Ng'ombe wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe usoni kama aliyemwagiwa maziwa. Akamshikisha mgonjwa kamba yake mkononi, akamfumba vidole juu yake, kisha akaichukua tena ile kamba na kujipiga kifuani, kama kusema nitakutunzia. Na kwa ishara akamwonyesha kilima, na vidole vinne, na mawe. Mzee Tom hakuielewa hiyo ya mawe maisha yake yote. Ila ng'ombe alijua ni wake. Kila Krismasi aliwauliza wajukuu wake wanadhani sasa ana ndama wangapi, nao walishindana kubahatisha, na hakuna aliyewahi kushinda kwa kuwa hakuna aliyejua jibu.

Baba, niliweka kikombe chini. Mkono wa kushoto wa Babu Ntare, kile kidole alichokatwa na shoka. Baka jeupe usoni, lile lile la ng'ombe wako. Na yale marundo manne ya mawe kule juu ya malisho, ambayo hukuruhusu ng'ombe wayakanyage, na siku tuliyoyachezea mimi na Nkusi ulituchapa kwa fimbo ya kuchungia, ukatuambia Babu alisema hapo wamelala ndugu za mgeni. Libère akanusa kikombe changu kuona kama maziwa yamechacha. Nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja, watu wa meza ya pili wakageuka, na ilinichukua muda mpaka nikaweza kumwambia Alison kwamba ng'ombe wake yupo, ana mimba, na kwamba baba yangu anamkatia majani kila siku huku goti likimuuma.

Alison alinishika mikono yote miwili, akakaa hivyo. Kisha akaniuliza kama na wenzake Tom wanne wapo, nikamwambia wapo, na hakuna ng'ombe aliyewahi kuwakanyaga. Hapo ndipo alipolia. Libère akalipia maziwa ya meza zote tatu zilizokuwa karibu, jambo ambalo tangu nimjue sijawahi kuliona.

Sasa naelewa pia kwa nini Babu alificha. Bila shaka alihofia kwamba serikali ya Mwingereza, iliyotawala upande wetu wa mto, ikisikia ndege ya vita imeangukia kwenye malisho yake na wanne wamekufa, yeye ndiye atakayejibu. Akawazika kwa heshima, vyuma sijui alivipeleka wapi, akamvusha mgonjwa mto, akafunga mdomo. Kilichobaki ni ng'ombe tu, na ahadi, na vyote viwili alikukabidhi wewe.

Ndiyo sababu jana nilimpigia Nkusi na kumwambia tu kwamba mchinjaji asikanyage hapo, bila kumweleza kisa. Nkusi, asante kwa kutii japo ulinung'unika. Barua hii naipa basi la kesho alfajiri, iwafikie kabla ya Ijumaa. Baba, usimuuze. Kile chumba cha Kagugu hakiozi, na habari ya kuhama tutaizungumza wewe ukitaka, si sisi tukitaka. Uliuliza utamjibu nini mgeni akija, nasi tukacheka. Nisamehe. Mwenye ng'ombe anakuja, Baba. Ameahirisha safari yake, na Jumamosi tunavuka daraja la Rusumo pamoja naye, Libère akiendesha.

Aliniuliza desturi inasemaje kwa mtu aliyepewa ng'ombe. Nikamweleza kwamba humshukuru aliyempa, na ndama jike wa kwanza humrudishia mtoaji. Akasema basi huyo aliye tumboni akiwa jike ni wako, na mama yake aendelee kukaa hapo hapo alipo, kwa mtunzaji wake. Jumapili asubuhi atapenda umpandishe mpaka kwenye mawe, polepole, kwa mwendo wa goti lako. Majina ya wale wanne anayo kichwani. Nadhani Babu angependa kuyasikia.

Msalimie Nkusi na mkewe, na jirani Karangwa, ambaye amekuwa akikutania kwa miaka yote kwamba unamfugia jini. Mwambie aje Jumamosi amwone jini huyo kwa macho. Wajukuu wanakubusu mikono.

Na jambo la mwisho, Baba, usipumzike sana kabla hatujafika, uifanyie sauti yako mazoezi. Mama huyu ana kaka na dada zake huko New Zealand, watu wazima wenye mvi, wanangoja simu yake. Wanataka kujua babu yao alifikisha ndama wangapi. Atakaa kitako mbele yako jioni, na wewe utaanza kumtajia nani alimzaa nani, tangu yule wa kwanza, na safari hii sote tutasikiliza mpaka mwisho.

Mimi mwanao akupendaye,
Gaju