Bosi Anataka Jua

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Bosi hajala tena. Nimemchanganyia unga wa mukene, wale dagaa wa ziwani, kwenye uji, nikamsogezea mdomoni — akageuza kichwa. Mnyama wa kuringa!

Sikumtaka mimi. Allan mwanangu alipewa iguana huyu, mjusi mkubwa wa kigeni, Mombasa na mzungu aliyekuwa anahama, akamleta kwa lori analoendesha, ndani ya katoni ya televisheni. Alikuwa mdogo wakati ule, kijani kama sukumawiki. Ningekataaje? Tangu tumzike baba yake, Allan alikuwa anapita hapa Malaba mpakani bila kuingia nyumbani. Analala kwenye lori, foleni ikisogea anakwenda Kampala, mimi nasikia kwa watu kwamba alipita. Tangu Bosi aje, kila safari anaingia. Anakula, anacheka, analala kitandani. Basi mukene namnunulia wale wazuri wasio na mchanga.

Jumanne, 8 Aprili

Mguu wa nyuma unatetemeka. Nimeushika, bado unatetemeka.

Mama Ajambo mwenye nyumba kaja tena. Wapangaji wanaogopa kupita mlangoni kwangu, eti nafuga kenge. Nimemwambia si kenge, na haumi. Akasema hata kama haumi, asionekane. Haonekani! Tangu Krismasi yuko chini ya kitanda, nimemfunika na gunia. Wanataka nini zaidi? Nimechoka na midomo ya watu.

Alhamisi, 10 Aprili

Tororo, kwa daktari wa mifugo, Olupot. Nilimbeba kikapuni, nimemfunika na leso kama mtoto. Daktari alisema wazi yeye ni wa ng'ombe na mbuzi, akampigia mwenzake simu, wakaongea sana. Kisha akambonyeza Bosi taya. Taya likabonyea. Taya! Kama kandambili.

Akaniuliza namlisha nini. Nikamjibu kwa kujivuna kabisa: mukene na mayai. Hapa kwetu mtoto akiachishwa ziwa tunampa uji wa mukene apate mifupa. Mbwa hivyo hivyo, kuku hivyo hivyo. Allan mwenyewe nilimkuza nao.

Daktari akamrudisha Bosi kikapuni. "Mama, huyu hula majani tu. Na jua, kila siku. Bila jua mifupa yake inayeyuka."

Miezi mitatu gizani. Ni mimi niliyemweka.

Akaendelea, taratibu, kama mtu anayeogopa kunitonesha. Akikua anaweza kufika urefu wa mtu. Anahitaji banda kubwa, lenye joto. Anaweza kuishi miaka kumi na tano, hata ishirini. Haya yote mtu huuliza kabla hajampokea. Nani aliuliza? Mimi nina sitini na moja. Nilichouliza ni kama anauma.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Hakuna jua hata la kuanikia soksi.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Mawingu tena. Kanisani sikusikia neno, nilikuwa nachungulia dirisha. Nimemchumia majani ya viazi, nikayakatakata. Amelamba moja, likaanguka. Taya halishiki.

Nimelia. Jirani Apendi alinisikia, akaja. Nilipomwambia nalilia mjusi, akakaa tu pale, hakucheka. Mungu ambariki.

Jumanne, 15 Aprili

Allan amepiga kutoka Eldoret. Kesho yuko hapa. Akauliza, "Bosi iko aje?" Nikasema yupo. Si uongo.

Bosi akifa, atapita tena kama zamani. Naijua njia ile, haina kona ya kumleta kwangu.

Jumatano, 16 Aprili

Jua! Limetoka asubuhi kali kabisa. Nimemtoa Bosi hadi katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, gunia nimetupa. Waangalie. Mama Ajambo amefungua mdomo, akaniona uso, akaufunga. Nimekaa kwenye mkeka, Bosi mapajani, daftari gotini.

Amefungua jicho mara moja. Ngozi imepata joto, lakini ni la jua, si lake. Pumzi ziko mbali mbali. Namhesabia, kisha naogopa kuhesabu.

Allan nimwambie nini? Kwamba daktari alichelewa? Kwamba ni ugonjwa tu? Nitamwambia kweli: nilimficha, nikamlisha vibaya, kwa upendo wote nilionao.

Mguu umeacha kutetemeka. Sijui kama ni vizuri.

Lori limezimwa barabarani. Namsikia Allan kwenye lango, anasalimiana na Apendi. Nimekaza masikio nisikie atauliza vipi.

"Mama iko?"

Mama. Ameniulizia mimi, hakutaja Bosi.

Anakuja, viatu vinasikika. Nimeweka kiganja kifuani kwa Bosi, bado sijapata pumzi nyingine. Naweka kalamu chini, nimwambie.