Benchi la Nyuma, Kiti cha Mbele

Hamburg, 8 Machi 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na nyonga imekupunguzia maumivu angalau uuone usingizi. Mimi na mtoto hatujambo, ila baridi ya huku haina adabu. Vipi machungwa? Na ndovu, bado wanavuka ua kuja kula mahindi yako?

Baba, hukunijibu barua mbili zilizopita, wala sikulaumu. Niliondoka na mimba bila kuaga, nikamfuata yule mama wa Kijerumani niliyekuwa nikimfulia nguo Diani, nikakuachia wewe aibu uibebe kanisani. Nikikumbuka, hata huku ambako hakuna anijuaye, uso huniwaka. Lakini mtoto sasa ana miaka miwili na nusu. Kwetu mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa hupewa jina la baba wa mama yake, kwa hivyo anaitwa Maweu kama wewe. Wajina wako hajapata mate yako ya baraka kifuani. Naomba uje.

Usinitajie nyonga. Najua tangu uanguke mnazini haikunjiki, na kiti cha kawaida cha ndege kinataka magoti yafike kidevuni usiku kucha. Basi nakutafutia kiti cha mbele, kile cha matajiri, ambacho unaweza kulala ukanyosha mguu. Bei yake inatisha, lakini nimeanza kuzijua njia zake. Tiketi ya kuanzia Mombasa ni nafuu kuliko ya kuanzia huku, ingawa ndege ni ileile. Na tangu zile fujo za Likoni mwaka jana, ndege za watalii zinarudi karibu tupu. Ikifika Mei, masika yakikolea, viti vya mbele wataviuza kwa bei ya huruma. Kila Jumatatu nampigia simu wakala wa tiketi. Ameshaijua sauti yangu, hata salamu hanipi tena.

Mwanao,
Nzisa


Shimba Hills, 29 Machi 1998

Kwa binti yangu Nzisa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, nyonga ndiyo hiyo hiyo. Machungwa mengi yameoza kwa ile mvua kubwa, barabara ya kwenda Kwale ilikatika, na ndovu hawajaacha ujinga wao.

Nimeisoma barua yako. Sasa nisikize. Siku ile mchungaji alipolitaja jina langu mbele ya watu, kwamba Maweu si mzee wa kanisa tena kwa sababu ameshindwa kuitawala nyumba yake, niliinuka kwenye benchi la mbele nikatembea hadi la nyuma, pale mlangoni, kanisa zima likinitazama. Baadaye walisema adhabu imekwisha, naweza kurudi. Sikurudi. Wao walinisamehe, mimi aibu yangu haijaisha. Leo wewe wanitafutia kiti cha mbele, tena cha matajiri? Mtu wa nyuma na akae nyuma.

Huyo mtoto anatembea vizuri? Mimi nilichelewa kutembea. Ndivyo mama yangu alivyosema.

Baba yako


Hamburg, 24 Aprili 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto alichelewa kutembea kama wewe, na sasa anatembea mikono nyuma, kama mwenye shamba anayekagua vibarua. Wewe u hali gani? Mvua imewapumzisha?

Kiti nimekipata. Ni kiti cha mbele, Jumatano ya tarehe kumi na tatu Mei, kwenda na kurudi, na bei yake haifiki nusu ya ile waliyonitajia Januari. Wakala mwenyewe alishangaa, akaniuliza kama natafuta kazi kwake. Ila bei hiyo ina sharti: tarehe haibadilishwi na pesa hazirudishwi. Tiketi utaichukua Ukunda, kwa wakala wa huko.

Benchi la nyuma ulikaa kwa ajili yangu, nami siwezi kulifuta. Lakini mguu wako haujui habari za kanisa, unataka nafasi tu. Ukifika uwanjani usijiunge na foleni ndefu. Watu wa mbele wana meza yao. Nenda moja kwa moja, sema, "Mimi ni Maweu," basi.

Nitakungoja, nikiwa na wajina wako begani.

Mwanao,
Nzisa


Hamburg, 17 Mei 1998

Baba,

Shikamoo. Natumai hujambo. Wakala wa Ukunda ameniambia kwa simu kwamba umeonekana sokoni, u mzima. Nashukuru Mungu kwa hilo.

Abiria wa mbele hutoka kwanza. Nilimwinua mtoto ili akuone. Walitoka wao, wakatoka wa nyuma, wakatoka hata wahudumu wa ndege na vibegi vyao. Mtoto akaniuliza babu yuko wapi, nikaona haya kumjibu.

Kiti kile kimeruka kitupu. Kama bado unanionea aibu kiasi hicho, ungeniambia tu. Sitatafuta kingine.

Nzisa


Shimba Hills, 7 Juni 1998

Mama yangu Nzisa,

Nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na miaka hii mitatu nilikunyima jina hilo. Hujambo? Wajina wangu hajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayougua.

Nilikwenda. Nilivaa koti, nikapita Likoni, nikafika uwanjani mapema kuliko wafagiaji. Meza ya watu wa mbele niliiona. Nilipokuwa nakusanya nguvu ya kuiendea, akatokea Munyoki, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amesindikiza wageni wa mchungaji. Wageni wale walikuwa kwenye foleni ndefu.

Akaniuliza, "Maweu, na koti hilo, waenda wapi?"

Nikamwambia, "Nimekuja kumpokea mgeni."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Niliona haya kumwambia kwamba naenda kwa binti yangu, na kwamba mimi ndiye wa mbele, wageni wake wa nyuma. Akaketi kando yangu kunipa kampani. Nikawa nasema moyoni, ataondoka, nitainuka. Hakuondoka. Halafu kipaza sauti kikaita jina langu. Mara ya mwisho jina langu kuitwa mbele ya watu ilikuwa siku ile kanisani. Sikuinuka. Wakaita tena. Munyoki akanitazama, akajua, nami nikaangalia viatu vyangu mpaka ndege ikaondoka.

Mama, sikukuonea wewe aibu. Najionea mimi. Nilikukana wewe na yule mtoto mbele ya mtu mmoja, tena ambaye hakuniuliza kwa ubaya.

Jumapili nilikwenda nikaketi benchi la mbele, mguu nimeunyosha ukaziba njia. Ulipofika wakati wa shuhuda nikasimama, nikasema nina mjukuu Ujerumani, anaitwa Maweu, na kwamba nilimkana uwanjani. Munyoki akasogea ili mguu wangu upate nafasi.

Kiti chako nilikipoteza, siwezi kukulipa. Sistahili kukuomba kitu, lakini naomba. Nilisema nimekuja kumpokea mgeni. Nisaidie neno hilo lisibaki uongo.

Baba yako


Hamburg, 2 Julai 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Tu wazima. Barua yako nimeisoma nikalia, nami nikaona haya kwa niliyokuandikia.

Tunakuja Jumatano, tarehe kumi na mbili Agosti. Safari hii sikumsumbua sana wakala. Nimechukua viti vya bei ya chini kabisa, safu ya mwisho, karibu na choo. Kwa hivyo tutakuwa wa mwisho kutoka. Ukiona watu wamekwisha, usiondoke.

Mwanao,
Nzisa