Panya Walikula Mboga, Nikamtaja Dalila

Bi Mwanakhamis mpendwa, nakuandikia kwenye safu yako ya gazeti letu la huku nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye paa la jengo letu hapa mtaa wa Xiaobei, Uchina, na naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili kuna mtu anahama kwa sababu yangu na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hana kosa.

Mimi ni mwenyeji wa Moshi, mwaka wa sita sasa nachukua nguo soko la jumla la Shahe na kuzisafirisha nyumbani, na miaka mitatu iliyopita laobani mwenye jengo aliniruhusu kutumia paa, nikapandisha udongo kwa mifuko ghorofa saba bila lifti, nikapanda mnafu, matembele, mchicha na mlimao mmoja kwenye pipa, na sitanii nikisema bustani hiyo ndiyo iliyonizuia kurudi nyumbani moja kwa moja mwaka ule, na Mtanzania gani wa mtaa huu hajala mnafu wangu?

Sasa baridi ya mwaka huu ilipoanza, ile ya unyevu inayoingia hadi kwenye mifupa, niliogopa mboga zitakufa, nikafanya kazi ninayoijua, nikazifunga, yaani nilichukua mabaki ya vitambaa vya jezi na pamba ya kujazia makoti niliyopewa bure Shahe, nikavitandaza kwenye vitalu na kuuzungushia mlimao shinani, juu yake viroba, juu ya viroba nailoni, nikakaza kwa selotepu pande zote kama robota linalokwenda bandari ya Huangpu kupakiwa melini, nikaacha kona moja tu ya kuchumia. Babu wa Kichina wa paa la jirani yeye alizungushia mboga zake wavu wa chuma na kuinua plastiki nyembamba juu ya fito, nami nikamwambia Felisia, rafiki yangu wa kanisani, "Mwone huyu, mboga kazifunga jela," tukacheka mpaka babu akageuka kututazama.

Haikupita wiki mbili nikaanza kukuta mashina yamekatwa pale kwenye kona, yamekatwa mshazari, safi kabisa kama kwa kisu, na wewe ungefikiria nini? Mimi nilimfikiria Dalila, dada wa Unguja anayepika chakula cha mchana na kuwapelekea wafanyabiashara madukani, kwa sababu chumba chake kiko hatua nne kutoka mlango wa paa, na kwa sababu mwezi uliotangulia aliniambia, "Shoga, nigaie tembele kidogo, wateja wameniomba," nami nikamjibu kwamba paa ni kubwa, apande zake, akacheka akaniambia, "Haya bwana shamba, Mungu akuzidishie," na kule kucheka kwake kuliniuma.

Nikaandika kwenye kundi letu la WeChat, lenye watu zaidi ya mia tatu, kwamba kuna mpishi anawalisha mboga za wizi na chumba chake kiko karibu na paa, jina sikulitaja lakini nani asingejua, na Rodrick ambaye hakosi neno akaandika, "Dada Dalila, leo mchicha ni wa kuvuna au wa kuvamia?" watu wakacheka, na kesho yake wakamwuliza hivyo hivyo madukani, kisha wakaacha kumwuliza wakaacha na kununua. Alikuja mlangoni kwangu mara moja tu, akasema, "Mie n'le majani yako kwani mie mbuzi? Nitazame usoni uniambie umeniona." Sikumtazama. Nilimwambia dhamiri yake inamjua.

Juzi jua likatoka nikaamua kupasua nailoni yote kwa kisu cha kufungulia maboksi, na Bi Mwanakhamis, ndani kulikuwa na joto kama chumba cha mzazi, jezi zimechanwa nyuzi nyuzi zimefanywa kiota, ndani ya kiota watoto sita wa panya wekundu hawajafungua macho, kinyesi kama punje za mchele mweusi kila mahali, vitalu viwili vya mnafu vimebaki vijiti, vyote vimekatwa mshazari ule ule, na mlimao wangu gome limetafunwa kuzunguka shina. Nilifunika tena haraka kama mtu anayeficha maiti.

Nimenunua pakiti mbili za ngano nyekundu yenye sumu, ziko kwenye droo. Naomba uniambie, nikiimwaga katikati ya mboga itawamaliza panya kabla laobani hajagundua na kunifungia paa, na je, nikishawamaliza kuna haja gani ya kumwambia Dalila, maana ameshapata chumba mji wa jirani, Foshan, na anasema huko pia kuna wateja, na mimi nikisema ukweli nitaishi vipi na watu hawa? Usitaje jina langu.

Mimi mkulima wa paani.

---

Mkulima wa paani,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili niliiweka chini nikaenda kunywa maji, maana nilikuwa nimeanza kuijibu kwa sauti peke yangu.

Nianze na sumu kwa sababu sumu haingoji. Usiifungue. Unataka kumwaga ngano yenye sumu kwenye udongo unaowalisha watu! Panya ataibeba mdomoni, ataidondosha kwenye majani, kisha atakwenda kufia ndani ya ukuta wa jirani aliyekuwa hana habari na wewe. Halafu Jumamosi utamchumia Felisia fungu la mnafu na kumwambia karibu tena? Ulimwita mwenzako mpishi wa mboga za wizi, nawe uko tayari kuwa mkulima wa mboga za sumu. Pakiti hizo zirudishe dukani zikiwa zimefungwa, leo.

Panya namwelewa. Ni baridi, chakula cha nje kimepungua, na wewe umemjengea nyumba ya wageni yenye godoro la pamba, blanketi la jezi, dari ya nailoni na chakula kitandani. Hapo angekataa nani? Ulifunga mzigo vizuri mno, dada yangu. Kosa lako ni kudhani bustani ni mzigo. Robota halipumui wala halili, unalikaza hata miezi miwili na likifika ni lile lile. Mboga inatoa jasho, inataka mwanga, inataka mtu aifunue asubuhi aitazame. Wewe uliikaza kwa selotepu ukaenda Shahe.

Tena ukamcheka mzee wa watu! Mimi nimesoma habari za wakulima wa nchi za theluji. Huko kuna panya wa shambani wenye mkia mfupi, wanapita chini ya theluji na kutafuna magome ya miti ya matunda, na kuna kulungu wanaotoka msituni kuja kula machipukizi. Wale wakulima kabla ya baridi wanafanya mambo mawili: wanaondoa nyasi na matandazo yaliyogusa shina, maana hapo ndipo panya anapojificha, na wanauzungushia mti wavu wa chuma. Kulungu wanamwekea uzio mrefu. Babu wa paa la jirani anajua hayo bila kunisoma mimi. Ulichokiita jela ndiyo bustani. Jela umejenga wewe, ukazifungia mboga pamoja na panya.

Sasa kazi. Ondoa kila kitambaa, kila kipande cha pamba, kila kiroba, ukiwa umevaa glavu na umefunika pua na mdomo. Kinyesi usikifagie kikavu. Kinyunyizie maji yenye dawa ya madoa, kiloe, ndipo ukizoe kwenye mfuko na kuufunga. Majani yote yaliyokuwa chini ya nailoni ni ya kutupa, usiyahurumie wala usijihurumie. Nunua wavu wa chuma ambao kidole chako kidogo hakipiti kwenye tundu, zungushia vitalu pande zote na juu, na chini ukunje upana wa kiganja kuelekea nje uukandamize kwa matofali, kwa sababu panya huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa udongo. Juu ya wavu weka fito na plastiki nyembamba usiku wa baridi kali tu, asubuhi ifunue. Vyungu viinue juu ya matofali ili uone chini yake. Mitego ya kubana iweke ndani ya maboksi yenye tundu dogo, kando ya ukuta wanapopita, siagi ya karanga kidogo kama chambo, na uikague kila asubuhi. Mlimao ukague kwa kidole: ukibaki ukanda wa gome unaounganisha juu na chini, utapona, uuzungushie wavu usiogusa shina. Kama gome limeisha mzunguko mzima, sehemu ya juu itakufa polepole huku majani yakiendelea kukudanganya kwa muda. Laobani mwambie mwenyewe. Akikuta panya atakufungia paa, lakini akikukuta umeshika wavu na nyundo ana sababu ya kukusikiliza.

Hayo ndiyo ya panya. Ningekuwa mtu wa maneno machache ningeishia hapo, lakini sikuzaliwa hivyo.

Panya alikula mnafu. Wateja wa Dalila uliwala wewe. Usiniambie jina hukulitaja, hiyo ni hila ya mtu anayetaka kuchinja bila kushika kisu. Dada wa watu alisimama mlangoni kwako akakupa nafasi nyepesi kuliko zote: nitazame uniambie umeniona. Hukumwona, na ulijua hukumwona. Ulichokuwa nacho ni shina lililokatwa mshazari na kicheko kilichokuuma. Kwa ushahidi huo ukamvunjia riziki mbele ya watu mia tatu! Na leo unaniuliza kuna haja gani ya kumwambia, maana Foshan pia kuna wateja? Mie pia ni wa Unguja, lakini angekuwa wa Moshi ningekwambia hili hili: mtu hatoki nyumbani kwake kwa amani akiwa amebeba wizi wa panya.

Unauliza utaishi vipi na watu hawa. Utaishi kama anavyoishi Dalila sasa, tofauti ni kwamba wewe umestahili. Watakucheka wiki tatu. Rodrick atakutungia neno. Halafu watachoka, na utakuwa mtu aliyekosea akasema.

Nenda kwa Dalila kwanza, kabla ya kundi. Usiende na zawadi wala hadithi ya baridi. Mwambie, "Njoo unitazame nikifunua," mpande naye juu, aone kiota kwa macho yake kabla hujakiondoa. Akikutukana, mwache amalize. Kisha andika kwenye kundi lile lile, jina lake kwa herufi zote na jina lako kwa herufi zote, na picha ya kiota. Akiamua kubaki, kitalu kilicho karibu na mlango wake ni chake, na tembele lake apande mwenyewe. Akiamua kuhama hata hivyo, ni haki yake, nawe ndiye utakayeshusha mizigo yake ghorofa saba.

Umeniomba nisitaje jina lako, sikulitaja. Lakini hili jibu nimekutumia leo Jumatano, na gazetini barua yako inatoka Ijumaa asubuhi, neno kwa neno. Paa lenye mnafu hapa Xiaobei ni moja tu. Una leo na kesho za kusema kwa mdomo wako.

Bi Mwanakhamis