Jumamosi Hii Fungua Wewe

Shangani,
Mtwara.
19 Oktoba 2009

Mpendwa kaka Ismaili,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho kimekwisha. Unakula vizuri? Umeshauzoea ule mkate wao mrefu, au bado unaota ugali wa muhogo? Na baridi ya huko Orani, Aljeria, imeanza? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Malaria ya mwezi uliopita iliniachia kizunguzungu kidogo tu, nacho kimeondoka.

Shangazi Sharifa naye hajambo. Ila nyumba imekuwa kubwa kwa watu wawili. Tangu mwanawe Ramadhani aende Dar kufanya kazi, tunakula chakula cha jioni tukisikiliza redio, kisha yeye anaswali na kulala mapema, nami nabaki na vitabu vyangu. Siku nyingine nasoma kwa sauti ili nyumba isikie mtu. Shangazi ananitania kwamba kuta zake zitafaulu kidato cha tatu kabla yangu.

Baba na Mama walikuja kutoka Kitaya siku ya Idi. Korosho zimeanza kuanguka, na Baba anasema mwaka huu si mbaya. Viboko walipanda kutoka mtoni wakakanyaga mpunga wa jirani, lakini wetu wameuacha. Kumpigia Mama simu bado ni shida. Simu yake ikiwa karibu na mto hudaka mtandao wa Msumbiji, basi mimi namtafuta hapa Tanzania kumbe yeye anahesabiwa yuko ng'ambo. Mara ya mwisho nilimsikia akisema, “Husna, mwanangu,” halafu kimya. Nilishika simu sikioni muda mrefu.

Kaka, sasa niseme lililonifanya niandike. Jumamosi iliyopita, kabla hujaondoka kwenye mchezo wetu wa magari wa kompyuta, uliandika: “Tuache tu, Husna. Magari hayaendi. Tutaandikiana.” Halafu jina lako likapotea kwenye kioo. Nilikaa pale pale hadi Kasiani, yule anayesimamia duka la intaneti, akaja kuniuliza kama nimelala.

“Nasubiri,” nikamwambia.

“Unamsubiri nani, na wenzio wameshaondoka?”

Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Umesema tuandikiane, nami nimetii. Lakini nakuomba usome mpaka mwisho, maana nadhani nimejua kwa nini magari hayaendi.

Unakumbuka tulivyoanza mwaka jana? Ulinieleza kwamba mchezo wetu hauna kompyuta kubwa ya kampuni inayokaa katikati. Kompyuta zetu tatu, yako, ya Ramadhani na yangu, zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Mmoja anafungua mchezo, wawili wanaingia kwake, na kila tunapokata usukani habari inapitia kwanza kwa yule aliyefungua. Nikauliza nani afungue. Ukaandika kwamba kufungua ni kazi ya walioko nyumbani. Nilielewa mara moja ulikuwa unamsema Mama. Yeye hata mlango ukiwa wazi, akisikia sauti ya mtoto wake aliyetoka safari anaurudisha haraka, ili mtoto apige hodi naye amfungulie kwa mkono wake. Basi ikawa mimi. Kila Jumamosi nilifika mapema, nikafungua, nikangoja majina yenu yatokee. Nilijisikia kama nimefagia ua na kutandika mkeka.

Siku zile Dar nako walikuwa wanatumia setilaiti kama sisi, kwa hiyo kuchelewa tulikuona ni kawaida. Gari lako lilikuwa linatoweka kwenye kona na kuibukia mbele ya langu, Ramadhani akaandika kwamba unaendesha kama jini. Tulicheka sana. Kisha mwaka huu waya wa baharini ukafika Dar. Ramadhani sasa anapata mtandao wa haraka, na wewe huko ulikuwa nao tangu mwanzo. Mtwara bado tunategemea setilaiti. Tangu hapo niliona mnaanza kuandika maneno machache.

Nilijaribu kila kitu, kaka. Nilihama kwenye ile kompyuta ya dirishani inayonasa mtandao wa hewani, nikakaa kwenye ile iliyochomekwa waya. Nilipunguza uzuri wa picha, hadi miti ya barabarani ikawa kama fagio. Hiyo haikusaidia kitu, na baadaye nikajua sababu. Picha huchorwa hapa hapa kwenye kompyuta yangu. Kinachosafiri ni habari fupi tu, kwamba huyu amekata kulia, yule amekanyaga breki. Niliwaomba pia wavulana wanaopakua nyimbo wasimame kidogo tukiwa tunacheza. Mmoja akasema, “Haya, dereva, pita,” wenzake wakaangua kicheko, lakini waliacha. Hilo lilisaidia, ila si sana.

Sasa nikukumbushe Jumamosi iliyopita. Umeme ulikatika katikati ya mzunguko wa pili, na kwa kuwa mimi ndiye niliyefungua, mchezo ukawafia nyote wawili. Umeme uliporudi nikakuta umefungua mwingine mwenyewe, mnazunguka na Ramadhani huku mkinisubiri. Nikaingia kama mtazamaji. Nilichokiona sijawahi kukiona tangu waya wa Dar ufike. Magari yenu yalikuwa yanakwenda ubavu kwa ubavu, mnasukumana kwenye kona, hakuna anayeruka wala kutoweka. Na mlikuwa mnataniana kama mko baraza moja. Uliponiona ukaandika, “Mwenye nyumba amerudi, tumpishe,” ukafunga mchezo wako ili nifungue wangu.

Nikafungua. Magari yakaanza kurukaruka tena. Ramadhani akaandika, “Bora umeme ukatike tena.” Najua ni utani wake, yeye ni binamu na ana haki ya kunichokoza. Lakini wewe hukucheka. Uliandika yale uliyoandika, ukaondoka.

Jana Jumapili kutwa nzima sikupata raha. Nilijiuliza kwa nini mlikwenda vizuri wakati mtandao wa Mtwara ulikuwa ule ule. Leo asubuhi darasani Mwalimu Helena alitufundisha mwangwi, jinsi sauti inavyokwenda ukutani na kurudi, na kwamba ukijua umbali unaweza kujua utangoja kiasi gani. Baada ya kipindi nikamwomba anisaidie kuhesabu safari ya kwenda kwenye setilaiti. Iko juu mno, kaka. Kupanda na kushuka tu, kabla ya jambo lolote jingine, ni kama robo ya sekunde.

Kisha nikachora sisi watatu, nikafuata habari moja kwa kidole. Ramadhani amekata kulia. Habari inatoka Dar, inapanda setilaiti, inashuka Mtwara kwangu. Mimi ndiye niliyefungua, kwa hiyo ni lazima ipite kwangu. Halafu inapanda tena, inashuka tena, ndipo inakufikia wewe. Ninyi wawili mna waya unaowaunganisha chini ya bahari, na mimi nilikuwa nawapitisha angani mara mbili kila mnapogusa usukani. Siku umeme ulipokatika mlipata kusemezana bila kupitia kwangu. Basi.

Nilipoelewa nilifurahi, hadi Mwalimu akauliza kuna nini. Nyumbani nikalia kidogo. Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, kukufungulia ili ujisikie umefika kwetu, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inakuchosha. Shangazi aliniona. Nikamweleza yote, mpaka setilaiti. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, “Sasa si umwachie afungue yeye? Kwani kaka yako ni mgeni?” Akarudi jikoni kupepeta mchele wake.

Kwa hiyo ombi langu ndilo hili. Jumamosi hii fungua wewe. Chomeka kompyuta yako kwenye waya wa ukutani, usitumie ule mtandao wa hewani wa hosteli. Ukifanya hivyo, wewe na Ramadhani mtakuwa na njia yenu fupi, na atakayepanda setilaiti ni mimi peke yangu, mara moja.

Kuna jambo la pili, na hili ni gumu zaidi kuliomba. Kwenye mipangilio ya mchezo kuna mahali pa kuongeza subira ya usukani. Ukiiongeza, mtu akikata kona gari lake halikati papo hapo, linangoja kidogo, na linangoja hivyo hivyo kwa wote, ili habari ya aliye mbali iwahi kufika. Ninyi hamwihitaji subira hiyo. Mtakuwa mnachelewa kwa ajili yangu. Nilimpigia Ramadhani kumwuliza, akasema, “Haya mama, tutakusubiri kama anavyosubiriwa bibi harusi. Lakini kaka yako akikataa, mimi simo.” Kwa hiyo limebaki kwako.

Usiiweke kubwa sana, magari yatakuwa mazito kama malori ya korosho. Kiasi tu. Kinachobaki, kompyuta zenu zitakisia gari langu liko wapi. Kwa hiyo mkiona gari langu limejigonga ukutani, huenda kwangu nimeshatoka zamani na ninakuja. Msinipite kwa kudhani nimekufa. Na hata mkinipita, si neno. Sijawahi kuumia kwa kuwa wa mwisho. Ile saa moja ndiyo pekee katika wiki ambayo ninajua kwa hakika uko wapi na unafanya nini, na kwamba na wewe unajua niko wapi.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye duka la intaneti nisingeweza kusema haya watu wakinisomea begani. Nuru, yule dada wa Newala mnayesoma naye chuo kimoja, likizo yake imekwisha na anaondoka kesho. Ameniahidi kukupa barua hii mkononi kabla ya Jumamosi, pamoja na korosho alizozibangua Mama mwenyewe. Usizile zote usiku mmoja.

Baba anakusalimu, anasema usisahau kuswali na usisahau kulala. Mama anakusalimu sana na ananiuliza kila mara kama umenenepa, nami namwambia ndiyo ingawa sijui. Shangazi Sharifa anakusalimu, anataka siku moja umtumie picha umesimama wima, si ile ya kuegemea baiskeli. Bibi Fatuma wa Kitaya macho yamefifia, lakini jina lako analitaja kila swala. Na wewe nisalimie rafiki zako wote, hata wale nisiowajua.

Jumamosi saa kumi jioni kwa saa zetu, ambayo kwenu ni saa nane mchana, nitakuwa nimekaa mbele ya kompyuta ya waya. Kama kilichokuondoa ni mtandao, basi nimeutafutia njia kadiri ya akili yangu. Kama ni jambo jingine, kama masomo yamezidi au umechoka kucheza na mtoto wa shule, tafadhali niambie hivyo hivyo, kaka. Usisingizie mtandao. Ukweli nitaweza kuubeba, ila kutojua ndiko nisikokuweza.

Mungu akupe afya na akili ya kusoma, na akurudishe kwetu siku atakayopenda Yeye.

Mimi mdogo wako ninayekupenda, hata pale salamu zangu zinapokufikia zimechelewa,

Husna